Mswada uliokwama sura ya tisa

Mtunzi ana umri wa miaka 41. Ni mtunza stoo wa duka la jumla la khanga na vitenge, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, na anaishi Kimara. Ana riwaya moja aliyoianza miaka mitano na ushee iliyopita. Miaka miwili ya kwanza na miezi miwili aliandika sura nane na kipande. Miaka mitatu iliyofuata hakuongeza hata aya. Mswada umekomea ukurasa wa 205, katikati ya sura ya tisa, kijana wa riwaya akiwa nje ya mlango wa baba yake huko Tandika, mkono ameuinua, hodi hajabisha. Miaka mitatu ule mkono uko juu.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeshonwa kwa vipande ambavyo mhariri wa riwaya mjini hapa hukutana navyo mara kwa mara, na hesabu zake zimepangwa zifanane na kazi ilivyo. Hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole.

Maelezo ya mtunzi mwenyewe yalikuwa mafupi. Alimpelekea mswada mhariri mmoja, mama mstaafu wa makamo ya mama yake, wakaketi barazani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Kitabu kimefika wapi?”

“Mama, nadhani hiki kitabu sikuandikiwa mimi. Kila nikikaa, mzuka haupandi. Labda muda wake haujafika.”

“Kazini unafanya nini?”

“Natunza stoo.”

“Marobota yakipungua mawili, unamwambia tajiri muda wake haujafika?”

Akacheka. “Hapana mama. Nafungua daftari.”

“Basi kaniletee daftari la kitabu.”

Daftari la kitabu halikuwepo. Kilichokuwepo ni jalada, lililochorwa na kulipiwa riwaya ikiwa sura ya sita, likarushwa mitandaoni, watu wakapongeza kwa siku tatu. Jambo hili linaua miswada mingi kuliko linavyosemwa. Pongezi ni ujira, na aliyekwisha kulipwa hana njaa ya kumaliza. Tuliache hapo, ugonjwa wa mswada huu ulikuwa mkubwa kuliko jalada.

Siku 44

Kazi ya kwanza haikuwa kusoma. Ilikuwa kutafuta lini maneno yaliandikwa. Kompyuta huweka tarehe ya kila faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, na mtunzi, kwa bahati yake, alikuwa na tabia ya kuhifadhi nakala mpya kila alipoandika: sura4_mpya, sura4_mpya2, sura4_mwisho, sura4_mwisho_kabisa. Tabia inayochosha, lakini hapa iliokoa. Tarehe zikapangwa kwenye karatasi. Maneno 61,400 yaliandikwa kwa siku 44 tu ndani ya miezi 26, wastani wa maneno kama 1,400 kwa kila siku aliyoandika. Siku moja, Jumapili ya mvua, aliandika 4,100. Baada ya Jumapili ile hakugusa mswada kwa wiki saba.

Huo ndio mwendo wa mzuka. Neno lenyewe linajieleza: mzuka ni kinachozuka, pepo asiye na ratiba, na watoto wa mjini wamelichukua kutaja ile hamasa inayompanda mtu. Haifai kuukana. Kurasa bora za mswada huu zimo ndani ya yale maneno 4,100. Ubaya wake ni namna unavyoondoka. Mtu aliyepandwa huandika hadi akaushe kila alichokuwa nacho, hafungi kazi mpaka eneo la hadithi limekwisha, sentensi ya mwisho imelala vizuri, yeye mwenyewe hoi. Kesho yake akikaa hana pa kushika. Msusi wa ukili hafanyi hivyo. Anachomeka mwaa mpya kabla ule wa mkononi haujaisha, na akiinuka kwenda jikoni huacha ncha zinaning'inia, ili akirudi vidole vijue pa kuanzia hata kabla ya macho.

Hapo mtunzi alipata nafuu ya kwanza, maana aliona kwamba “miaka mitatu ya mkosi” ilikuwa na mdogo wake tangu mwanzo: mapengo ya wiki tatu, ya wiki tano, ya wiki saba. Pengo la mwisho lilikuwa refu tu kuliko mengine. Lakini urefu huo ulikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa ndani ya hadithi.

Hesabu ya “ghafla”

Bomba la jikoni likikauka, fundi mzoefu halifungui lile bomba. Anafuata laini kurudi nyuma, kuelekea tangini, akigonga na kusikiliza. Mswada nao ni hivyo: mahali ulipokwama ni mara chache pakawa ndipo palipoharibika. Sura ya tisa ilikuwa bomba kavu. Laini ilikuwa imekatika wapi?

Riwaya yenyewe ni ya kijana anayetoka Kilwa Kivinje kwenda Dar es Salaam mwaka 1998 kumtafuta baba aliyewaacha. Mama amempa nauli na bahasha yenye barua. Njiani lori linapinduka, bahasha inapotea, anasaidiwa na watu asiowajua, anafika mjini, anapata kazi ya kubeba mizigo, na hatimaye mgeni mmoja anamletea ile bahasha, kwa kuwa mgeni huyo, ajabu, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa baba. Mtunzi alisema ameandika riwaya ya kadari. Mhariri akaomba waione hiyo kadari kwa hesabu.

Njia ni ya kawaida, saa tatu hivi kwa mswada wa ukubwa huu. Kwanza, orodha ya matukio: daftari, tukio moja mstari mmoja, sentensi isiyozidi maneno kumi. Yalipatikana 31. Pembeni ya kila moja ikawekwa herufi: N kwa lililotokea lenyewe (nguvu za nje, ajali, bahati), W kwa lililoamuliwa na watu wengine, K kwa lililoamuliwa na kijana. Matokeo: N 22, W 6, K 3. Na kati ya zile K tatu, moja ni kijana kununua mihogo ya kukaanga pale Nangurukuru.

Pili, msako wa maneno. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Ukibonyeza Ctrl na F ukaandika “akajikuta”, utakosa “alijikuta”, “amejikuta”, “wakajikuta” na “nilijikuta”. Tafuta shina: “jikuta”. Vivyo hivyo “tokea” badala ya “ikatokea”, ingawa hapo utavua na “kutokea” la maana nyingine na itabidi uchambue kwa mkono. “Ghafla” haibadiliki, kwa hiyo ndiyo rahisi kuhesabu. Zilipatikana 64. “Jikuta” 41. “Kwa bahati” 29. “Mungu si Athumani” mara tatu, zote mtu alipokuwa hoi na msaada ukashuka.

Kuziona nyingi si ushahidi bado. Kila “ghafla” inapimwa: ifute, soma sentensi bila yake. Sentensi ikisimama na kunoga zaidi, ilikuwa pambo. Sentensi ikiyumba na msomaji akauliza “imetoka wapi hii?”, basi neno lilikuwa limefunika shimo, na shimo halizibwi hapo, linazibwa kurasa kumi au ishirini nyuma. Na zipo za haki: umeme kukatika ni ghafla kweli, mbwa kuruka ukuta ni ghafla kweli. Katika 64, mapambo yalikuwa 39, mashimo 19, za haki 6. Kisha zikapangwa kwa sura. Sura tatu za kwanza zina “ghafla” tano kwa jumla. Sura ya nne peke yake ina 14, na mashimo saba kati ya 19 yamo humo. Laini ilikatika sura ya nne.

Tatu, kuna kificho ambacho hakipo kwenye neno lolote, kipo kwenye kitenzi. Mswahili akisimulia hutumia -ka-: akatoka, akapanda lori, lori likapinduka, akazinduka, akajikuta Kibiti. Utamu wa hadithi umo humo, na hakuna wa kutunyang'anya. Lakini -ka- husema tu kwamba hili lilifuata lile, haisemi kwa nini. Matukio matano yanaweza kuunganishwa na -ka- tano, yakateleza mdomoni kama maji, na yasiwe na uhusiano wowote. Kwa hiyo kwenye kurasa zenye mashimo (si mswada mzima, utachoka) -ka- zote zinageuzwa -li- na kila kitenzi kinapewa nukta yake. Alitoka. Alipanda lori. Lori lilipinduka. Sasa sentensi zimelala kila moja peke yake kama mafungu ya nyanya sokoni, na unaona pale ambapo “kwa sababu” ingekaa na pale ambapo hakuna cha kukaa. Ukurasa mmoja huchukua kama dakika ishirini. Ukishajua yaliyokosekana, rudisha -ka- zako.

Kadari inavyofanya kazi ndani ya hadithi

Mtunzi alijitetea, na utetezi wake ulikuwa na uzito. Binadamu hachagui. Nani alichagua kuzaliwa Kivinje? Riwaya ya kadari ikijaa maamuzi ya mhusika si itakuwa uongo?

Jibu lipo kwenye kisa cha Fumo Liyongo, ambacho kila mtu wa mwambao amekisikia kwa namna moja au nyingine. Liyongo hauawi na kitu chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na mwisho wake ni huo huo. Hakuna kadari iliyokaza kuliko hiyo. Lakini angalia anavyofika. Mfalme wa Pate anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Mtoto anakubali. Mtoto anamuuliza baba siri yake, baba anaujua mtego, na bado anamwambia mwanawe. Kila hatua kuna mtu aliyeamua, akiwa na sababu zake: tamaa ya mmoja, woga wa mwingine, mapenzi ya mzazi. Hata sindano haikudondoka kutoka mbinguni, ilifuliwa. Msikilizaji ndiye anayeiona kadari, mwishoni, akigeuka nyuma. Waliomo ndani wanaona tu asubuhi yao.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kadari na kadiri ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kupima na kuweka kiasi. Anayekadiria bei ya kitenge na anayenyenyekea kadari wanachota kisima kimoja. Nasibu ni fungu. Na ajali, ambayo leo tunaisikia kwa askari wa usalama barabarani, ilimaanisha muda uliowekwa, kikomo cha mtu. Ndiyo maana wazee wakasema ajali haina kinga, bila kuwaza basi wala lori. Katika mswada huu neno lilikuwa limebaki na maana ya barabarani tu. Lori linapinduka kwa kuwa malori hupinduka. Hakuna kipimo, hakuna fungu, hakuna kikomo cha mtu fulani. Kwa hiyo kijana alipofika kwenye mlango wa Tandika na hadithi ikamdai aamue kitu kwa mara ya kwanza, abishe hodi au arudi, mtunzi alikosa la kuandika. Hakumjua. Kurasa 205 alikuwa amemsafirisha mzigo.

Lori la nazi

Marekebisho yalianza kwa swali dogo: kwa nini yuko kwenye lori? Katika mswada wa zamani jibu ni kwamba basi lilijaa. Hilo ni N. Mtu yeyote angekuwa kwenye lori lile.

Jibu jipya: basi lina nafasi, na nauli anayo mfukoni. Kijana anapanda lori la nazi ili abakize hela ya kununua viatu, kwa sababu hataki baba amwone kwa mara ya kwanza akiwa na kandambili. Ni badiliko la aya moja. Lakini sasa ajali ileile, mahali palepale, imekuwa yake. Amemdanganya mama, ameonea aibu miguu yake, na amelipa. Msomaji hatasema “maskini”, atasema “ah, ungepanda basi!” Sauti hizo mbili ndizo tofauti ya riwaya hii ya zamani na mpya.

Ajali yenyewe haikuhitaji “ghafla” hata moja, na hapa mtunzi alikuwa amekalia mali bila kujua. Mwaka 1998 ni mwaka wa mvua za El Niño. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na barabara ya kusini wakati wa mvua ilikuwa tope la kumeza magari. Safari ya kama kilomita 300 ingeweza kula siku nyingi. Mwandishi mwenye barabara kama hiyo anahitaji nini tena na mkosi? Foleni ya pantoni inamlaza dereva macho, dereva aliyekesha anaharakia mteremko, tope linafanya kazi yake. Sababu tatu, zote zinaonekana mapema, na msomaji anazihesabu kwa hofu kabla lori halijayumba. Aliye na sababu asiitupe akaenda kukopa bahati.

Kilichofuata ni bahasha. Zamani ilipotea kwenye ajali, ikaokotwa na mgeni, ikarudi sura ya nane kwa mkono wa jirani wa baba. Huu ndio ulikuwa wizi mkubwa wa mswada. Bahati mbaya mwanzoni msomaji huivumilia, ndiyo inayoanzisha hadithi; bahati nzuri inayomtoa mtu kwenye shida karibu na mwisho haivumiliki, maana inamwambia msomaji kwamba wasiwasi wake wote ulikuwa wa bure. Dawa ilikuwa kupunguza watu. Mgeni akafutwa. Nafasi yake akachukua utingo wa lori, ambaye tayari yumo sura ya nne. Utingo hamruhusu kijana kupanda bila malipo, kijana hataki kuvunja hela ya viatu, anaweka bahasha rehani. K nyingine. Sasa kurudi kwa bahasha si muujiza, ni deni: kijana atalazimika kumtafuta utingo mjini, gereji kwa gereji, na viatu alivyonunua vitamwuma miguu njia nzima. Matukio manne ya sura ya saba yakajipanga yenyewe. Hesabu mpya: matukio 28, N 9, W 8, K 11.

Na mlango wa Tandika? Kijana wa sasa tunamjua. Ni mtu wa aibu, anayeficha. Habishi hodi. Anazunguka nyuma ya nyumba akitafuta pa kuosha viatu, na hapo anakutana na mke wa pili wa baba akifua. Mtunzi aliandika eneo hilo kwa siku mbili baada ya miaka mitatu ya ukame, akasema mzuka umerudi. Mhariri hakumbishia.

Daftari la stoo

Upande wa maisha ulitengenezwa kwa chombo alichokuwa anakijua. Kaunta buku moja, mistari mitano ya wima: tarehe, ingia, toka, salio, maelezo. Ingia ni maneno yaliyoandikwa, toka ni yaliyokatwa, salio ni mswada ulivyo leo. Mstari wa kwanza uliandikwa salio 61,400. Mwezi wa kwanza wote ulikuwa “toka”: maneno 17,200 yalikatwa kutoka sura ya nne hadi ya tisa, salio likashuka hadi 44,200, na mtunzi akaumwa tumbo. Kwa mtunza stoo salio likishuka kuna mwizi. Ilibidi aelezwe kwamba hapa mali iliyooza ndiyo inayotoka.

Saa iliyochaguliwa ni saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili na robo, baada ya swala, kabla ya kushuka kupanda mwendokasi. Dakika 45. Usiku ulikataliwa kwa sababu za mtaani: joto, baa ya jirani, umeme ukikatika feni inalala, na mwili uliobeba marobota mchana. Kwa mkono, kwenye kaunta buku, si kwenye simu. Simu ikiwashwa alfajiri inakuja na makundi yake ya WhatsApp. Jumamosi jioni anachapa ya wiki nzima, na kuchapa huko ndiko uhariri wa kwanza. Kila Jumamosi hiyohiyo faili linatumwa kwenye barua pepe yake mwenyewe na nakala moja kwenye flashi inayokaa dukani, si nyumbani, ili mwizi au maji yasichukue vyote kwa siku moja.

Kiwango: maneno 300 kwa siku. Wanaosoma miongozo ya Kiingereza hupata humo maneno 1,000 kwa siku na riwaya ya maneno 80,000, wakajipiga nazo. Hesabu hizo hazihamishiki hivihivi. “Nitakapomwambia” ni neno moja kwetu. Mwingereza huligawa manne au matano. Maneno 300 ya Kiswahili ni eneo zima la hadithi, na riwaya ya maneno 60,000 ni kitabu kinene.

Makadirio yalifanywa kwa kutoa siku zitakazoharibika tangu mwanzo. Siku tano kwa wiki zilipangwa, nne zikahesabiwa: maneno 1,200. Yaliyohitajika ni kama 31,600, hivyo wiki 26 na siku chache. Ilichukua wiki 33. Daftari linaonyesha zilikokwenda. Ramadhani ilivuruga alfajiri, mpaka saa ya kuandika ikahamishiwa mara tu baada ya daku. Msiba wa shangazi Lindi, siku tisa. Hesabu ya mwaka ya stoo, wiki mbili kasoro. Na wiki ya 14 hadi 16 ambazo mstari wa maelezo unasema tu “nimechoka nayo”. Hizo tatu zingekuwa mwanzo wa miaka mingine mitatu. Kilichozuia ni kanuni ya ncha za ukili: alikuwa ameacha sentensi katikati, “Utingo akaitazama ile bahasha, akasema—”, na kila akifungua daftari kuandika sifuri, sentensi ile ilikuwa pale ikimsubiri. Wiki ya 17 akaimalizia.

Kuna hofu moja ambayo daftari halikuigusa, nayo ni ya umri. Mtunzi aliamini aliyepewa karama huonekana mapema. Neno kipaji linachangia: ndilo linalotaja paji la uso, kana kwamba kilichomo kimechorwa pale tangu tumboni. Ni vyema kuangalia tarehe badala ya nyuso. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na Tuzo ya Nobel ya fasihi ikamfikia 2021. Kati ya hapo ni miaka 34 ya kuandika. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, akala mshahara wa serikali karibu maisha yake yote, na alipofariki 1962 baadhi ya vitabu vyake vilikuwa bado havijapigwa chapa. Hakuna katika maisha hayo mawili aliyejua fungu lake lingekaa wapi. Na watunzi wa tenzi za kale, ambao hakuna atakayewatuhumu kwa upungufu wa imani, walifungua utenzi kwa dua, na beti chache mbele wakaagiza wino na karatasi. Mwana Kupona, mgonjwa wa mwaka mzima, katika utendi wake wa mwaka 1858 alitangulia kuagiza wino na karatasi, Bismillahi ikafuata papo hapo. Dua na vifaa, bega kwa bega. Haikuwahi kuwa hoja ya kuchagua kimoja.

Ya mwisho yalikwenda haraka. Salio la kufungia: maneno 75,800. Kwa kitabu cha A5, maneno kama 300 kwa ukurasa, ni kurasa 253. Mashine kubwa hukunja karatasi kwa kurasa 16, na 16 mara 16 ni 256, kwa hiyo zimebaki tatu tu za jina la kitabu, haki na tabaruku. Namba ya ISBN, ambayo nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ameambiwa asiiombe mpaka mswada utoke kwa msomaji wa pili. Jalada la zamani lina basi. Litachorwa upya, lenye lori.

“Jikuta” zimebaki nne. “Mungu si Athumani” moja, mdomoni mwa utingo, ambaye anaisema kwa kejeli. “Ghafla” ziko saba: sita zile za haki na moja mpya, kwenye sentensi ya mwisho kabisa ya riwaya. Mhariri ameizungushia duara la penseli mara mbili, na mara zote mbili mtunzi amerudisha ukurasa duara limefutwa, neno liko palepale.